Mtu wa Kala Aliyekimbia Kando ya Jeep

Wewe unayesoma, kama una hamu ya kucheka, cheka sasa umalize, maana mbele sitakuwa na nafasi ya kukungoja. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala binamu wa mtu. Yalinipata saa nane mchana, jua limetoka, na sikuwa nimekunywa hata maji ya kutosha, seuze pombe. Watu husema mambo ya namna hii hutokea usiku. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo.

Nilitoka Kasongo asubuhi moja bila mpango wowote. Niliamka, nikaona sina sababu ya kubaki, nikatia nguo mbili kwenye mfuko nikatoka. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mwaka wa tano wa msingi. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nilichoka kukaa mahali ambapo barabara inapita dirishani na hakuna anayeruhusiwa kwenda kuona inaishia wapi. Tangu hapo nimesukuma baiskeli za mafuta ya mawese, nimebeba magunia ya mpunga, nimechimba dhahabu Salamabila mpaka shimo likanichosha. Gari likiharibika popote, wa kwanza kuinama kuchungulia chini ni mimi. Sijui kutengeneza. Nataka tu kuona.

Mwisho wa soko nikakuta jeep imesimama, na watu wameizunguka kama harusi. Usishangae. Kwetu, kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mtu anapanda pikipiki na kuomba Mungu. Gari la magurudumu manne, safi, lenye vioo vyote, ni jambo la kusimama na kuangalia. Usukani ulikuwa upande wa kulia, kama magari mengi yanayopitia Tanzania. Dereva alikuwa anafuta kioo kwa shati lake. Jina lake Amisi, kijana wa miaka thelathini na kitu wa familia ya wafanyabiashara pale mjini, miwani myeusi usoni. Alikuwa anampelekea mjomba wake gari hilo Kabambare. Aliniangalia kama unavyomwangalia mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Unajua kusukuma gari ikikwama mu matope?" aliniuliza.

"Najua, shefu."

"Na kunyamaza, unajua?"

"Hapo sina hakika."

Sauti ya mwanamke ikacheka kutoka kiti cha nyuma. "Mupakie, Amisi. Siku nzima na weye peke yako ukijisifu, masikio yangu itaoza."

Huyo alikuwa Mama Feza, muuza vitenge, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali. Alikuwa amempakata mjukuu wake, Zaina, mtoto wa miezi minane, anayempeleka Kabambare kwa mama yake. Mama wa mtoto alikuwa ameugua muda mrefu, sasa amepona na anamdai mtoto wake. "Kila siku anatuma ujumbe," Mama Feza alisema. "Miye sina maziwa tena, niko na maneno tu, na huyu mutoto hashibi maneno."

Basi nikakaa mbele, kushoto kwa Amisi, tukaondoka.

Sasa sikiliza jinsi Amisi alivyokuwa anaendesha, kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu. Kila tulipofika juu ya mteremko, alitoa vitesi, yaani gia, akazima motere, yaani injini, akaliacha gari lishuke lenyewe. Madereva wa kwetu wanaita kushuka libre. Wanafanya hivyo wote, wa zamani na wa sasa, ili kubana mazutu, yaani dizeli, kwa kuwa mazutu huku yanafika kwenye madumu, juu ya pikipiki, kutoka mbali. Dereva anayeshuka na motere ikiwaka wanamwita mpotevu. Mimi nilikuwa nimeona hilo mara nyingi kwenye makamio, yaani malori mabovu, lakini kwenye gari jipya namna ile lilinishangaza.

"Shefu, mbona unazima?"

"Mazutu inatoka kwa mama yako?"

"Hapana. Lakini freni zinafanya kazi motere ikiwa imezimwa?"

"Freni iko chini ya mguu yangu. Motere iko mbele. Iko na undugu gani?"

"Mi nauliza tu."

"Ndiyo maana ulifukuzwa shule," akasema, na Mama Feza akacheka tena, mimi pia nikacheka, kwa sababu alikuwa karibu na ukweli.

Mahali fulani pa tambarare, motere ikiwa inawaka, mbuzi akaruka barabarani. Amisi akakanyaga freni, yaani breki, kwa nguvu. Nikasikia chini ya sakafu sauti kama ya mtu anayegonga bati haraka haraka, ga-ga-ga-ga, na Amisi akaondoa mguu kama aliyekanyaga nyoka. Jeep ikampita mbuzi kwa upana wa kiganja.

"Umeona?" akasema, akihema. "Hii gari iko na kitu. Ukikanyaga kwa nguvu, pedali inatetemeka. Inakusukuma mguu kabisa, kama mutu iko chini."

"Na weye unafanya nini?" Mama Feza akauliza.

"Naachia. Ningefanya nini? Nibishane naye?"

Nilijikunja nikachungulia chini ya usukani. Niliona viatu vyake, pedali tatu na mavumbi. Hakuna kingine, naapa. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba pale chini nilikuwa nimekwisha kupaangalia.

Mvua ilitupata kabla ya saa nane, mvua fupi nzito, kisha jua likatoka na barabara nyekundu ikaanza kung'aa kama sabuni. Ndipo tukafika juu ya mlima ule. Jina lake sitalitaja. Wanaopita njia ile wanaujua. Mteremko wake ni mrefu, una kona moja katikati, na mwisho wake si barabara ila mto. Juu ya mto kuna daraja la magogo, magogo matano yamelazwa, bila kingo upande wowote. Ukikosa magogo, umeingia majini.

Hapo watu wana desturi yao. Abiria wote wanateremka juu, hata wa pikipiki, wanashuka kwa miguu. Dereva peke yake ndiye anayeshuka na gari, vitesi ya kwanza, polepole. Zamani za makamio, alikuwepo pia konveyeri, yaani utingo, aliyetembea kando ya gurudumu akiwa na kala begani. Kala ni pande la mti lililochongwa kama kabari. Gari likianza kumshinda dereva, konveyeri analisukumia chini ya gurudumu. Kazi hiyo imekula vidole vya watu wengi.

"Simamisha nishuke na mutoto," Mama Feza alisema. "Hapa watu wanashukaka kwa mguu."

"Mu jeep kama hii? Wakuone wakuchekelee?"

Lakini alisimamisha, kwa sababu mtu alikuwa amesimama katikati ya barabara.

Alikuwa mtu mzima, kifua wazi, kaptura ya kaki iliyochanika. Kala ilikuwa juu ya bega lake la kulia, nyeusi kwa mafuta, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Miti pande zote ilikuwa inadondosha maji. Sisi wenyewe kioo kilikuwa bado kinatiririka. Yeye alikuwa mkavu. Mkavu mpaka nywele. Niliona hilo mara moja, na badala ya kuogopa nikaanza kujiuliza alijificha wapi, kwa sababu hapo juu hakuna nyumba. Ndivyo ujinga wangu ulivyo.

Hakusalimu. Kwetu, mtu asiyesalimu amekwisha kukutukana. Alikuja upande wa Amisi akasema:

"Miye ni mutu wa kala ya hii mulima. Mushuke wote. Shofere atie ya kwanza, aende pole. Miye nakuwa kwa gurudumu."

Amisi akateremsha miwani puani. "Papa, weye ni wa mwaka gani? Kala ilikuwa ya makamio. Hii iko na freni ya kisasa. Huo ukuni peleka kwa bibi yako, apikie bugali."

"Sikukuomba kitu."

"Na hautapata kitu."

Yule mtu hakumwangalia usoni. Alikuwa anaangalia mlango wa gari, chini, mahali mguu wa dereva unapokuwa kwa ndani, kama vile bati halipo.

"Ile unakanyagia freni," akasema, "ni mguu ya kulia ao ya kushoto?"

"Ya kulia," Amisi akacheka. "Unataka kuiosha?"

"Nitaishika."

Mama Feza akafungua mlango wa nyuma. Amisi akageuka. "Ukishuka, mama, nakuacha hapa na mizigo yako na huyu mwenda wazimu. Sirudi."

Mama Feza akamwangalia yule mtu. Kisha akamkumbatia Zaina, akaufunga mlango polepole. Aliogopa kubaki naye kuliko kushuka nasi. Ningekuwa yeye ningechagua hivyo hivyo. Kwani wewe ungefanyaje?

Amisi akatoa vitesi, akazima motere, akaachia.

Mwanzoni kulikuwa na sauti ya upepo na matope tu. Jeep ikaongeza mwendo. Amisi akakanyaga freni kidogo, ikapunguza. Akaachia. Akakanyaga tena, ikapunguza kidogo sana, karibu na bure. Mara ya tatu akakanyaga na nikaona paja lake limekaza, mgongo umejibanza kitini, na gari halisikii.

"Imekuwa ngumu," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pedali imekuwa ngumu kama jiwe."

Tukaingia kwenye kona. Matairi ya nyuma yakateleza kuelekea bondeni, yakarudi. Zaina akaamka akaanza kulia. Tulipomaliza kona nikaliona daraja chini, na juu ya daraja nikaona watu. Wanawake wawili wenye mabeseni ya mihogo iliyolowekwa, na nyuma yao mwanaume anasukuma pikipiki yenye mizigo. Walikuwa katikati kabisa ya magogo. Walitusikia kwa sababu ya kilio cha mtoto tu, maana gari halikuwa na sauti. Waliinua vichwa, wakasimama pale pale. Mbele hawawezi, nyuma pikipiki imeziba.

"Washa motere!" nikapiga kelele. "Washa!"

Ndipo nikamwona nje ya dirisha la Amisi.

Alikuwa anakimbia kando yetu. Kwa mwendo ule hata pikipiki ingetuomba tungoje, lakini yeye alikuwa anakimbia, kala begani, kifua hakipandi wala hakishuki. Miguu yake ilikuwa inagusa matope na matope hayaruki. Hakutuangalia. Macho yake yalikuwa kwenye mlango, pale pale chini. Niamini, kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyatunga, na jambo moja ni jinsi alivyokuwa haharakishi. Alikimbia kama mtu anayekwenda kazini mapema.

Mama Feza nyuma alianza shahada. Hakuimaliza, akaianza tena.

Amisi akazungusha ufunguo. Motere ikashika. Mara hiyo pedali ikalainika chini ya mguu wake, nikaona goti lake linashuka, na akakanyaga kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. Jeep ikauma barabara. Na papo hapo ikaanza: ga-ga-ga-ga-ga, sakafu yote inatetemeka.

Nikatazama dirishani. Mtu hayupo.

Nikatazama chini.

Mkono ulikuwa umetoka mahali pedali zinapoingia kwenye bati, mahali ambapo hata panya hapiti. Mkono wa mtu mzima, mwekundu kwa matope, kucha mbili hazipo. Ulikuwa umemshika Amisi kifundo cha mguu, juu ya kiatu. Haukumvuta chini. Ulikuwa unamwinua. Polepole, kama unavyomwinulia mtoto mguu umvalishe suruali, ulikuwa unautoa mguu wake kwenye freni. Na Amisi alikuwa anaufuata.

"Inatetemeka!" alikuwa anapiga kelele. "Niachie! Naachia!"

Sikujua kitu chochote kuhusu freni siku ile. Usidhani nilikuwa na akili kuliko yeye. Niliwaza jambo moja tu: kile mkono ule unataka, mimi sikitaki. Nikavusha mguu wangu wa kulia juu ya fimbo ya vitesi, nikaukanyaga mguu wa Amisi juu ya pedali, kiatu juu ya kiatu, nikasukuma mpaka mwisho. Niliusikia ule mtetemo ukipita kwenye mguu wake ukaingia kwenye wangu, mpaka gotini, mpaka menoni. Kidole kimoja cha ule mkono kilibanwa chini ya soli yangu. Kilikuwa baridi. Ubaridi ulipita kwenye mpira wa kiatu.

Amisi alinipiga kiwiko mbavuni, mara mbili. "Unanivunja! Achia!"

"Shika usukani!" nikamwambia. "Shika njia, mguu niachie miye!"

Akashika. Hilo namsifu. Jeep ilikuwa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria lakini ilikuwa inamsikia, ikapinda pale alipoipinda, ikakwepa shimo, ikarudi katikati. Mwanamke mmoja darajani alitupa beseni mtoni. Nakumbuka mihogo ile ikielea, myeupe.

Tukasimama. Kutoka gurudumu la mbele mpaka gogo la kwanza nilipima baadaye: hatua mbili, na miye hatua zangu si ndefu.

Kisha Zaina akalia tena, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Nilikuwa bado nimekanyaga, ingawa ule mkono haukuwepo tena. Sikuweza kuuinua mguu. Nilipogeuka kutazama dirisha langu, upande wa kushoto, uso wake ulikuwa pale, karibu na kioo, mkavu. Alikuwa ananiangalia mimi. Kwa mara ya kwanza alimwangalia mtu machoni, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Umekamata kazi yangu," akasema.

Kiatu changu kilikuwa bado juu ya cha Amisi.

"Basi, ifanye."

Akaweka kala vizuri begani, akageuka, akaanza kupanda mlima. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kona. Katika matope yale, ambapo hata kuku angeacha alama, hakuacha hata moja.

Wanawake wa darajani walikuja wakitetemeka kwa hasira, na mmoja alitaka kumpiga Amisi kwa beseni lililobaki. Alipoona mguu wake alisita. Amisi alikuwa amevua kiatu. Kwenye kifundo palikuwa na alama za vidole vitano, nyekundu zikigeuka nyeusi, zimezunguka mfupa.

"Mulimukuta juu?" yule mwanamke akauliza.

"Nani?" Amisi akasema, ingawa alijua.

"Mwenye kala. Huwa tunamusalimu, tunamwambia asante papa, tunashuka kwa mguu, shofere anatia ya kwanza. Anabaki kule kule. Ninyi mulimwambia nini?"

Yule mwanamke akatuangalia mmoja mmoja, akajibu mwenyewe: "Mulimutukana." Akasema pia kwamba wazee wanamjua: alikuwa konveyeri, dereva wake aliogopa akaondoa mguu kwenye freni wakati yeye ameinama chini ya gurudumu. Zaidi ya hapo hakutaka kusema, na akakataa kata kata kuvuka daraja mpaka sisi tuwe tumeondoka.

Unadhani Amisi alinishukuru? Alinikamata shingo ya shati.

"Ni weye," akasema. "Tangu asubuhi unachungulia chini ya miguu yangu. Unauliza freni, freni. Ulikuwa unatafuta nini pale chini? Hii alama ni ya kiatu yako? Kiatu iko na vidole?"

"Si uliona mkono!"

"Nimeona weye! Nimeona mguu yako juu ya yangu!"

Nilimgeukia Mama Feza. Alikuwa ameketi kando ya barabara, mtoto amemfunika kwa kitenge chote, hata uso. Yeye alijua. Alikuwa nyuma, alisikia maneno ya yule mtu dirishani kwangu, kwa masikio yake. Lakini akasema kwa sauti ndogo, bila ukali wake wote ule:

"Mutoto wangu, endelea kwa mguu. Mungu akulipe. Lakini sitaki ukae karibu na Zaina."

Mfuko wangu ukatupwa matopeni. Jeep ikavuka magogo, motere ikiwaka, ikapanda ng'ambo.

Nilitembea kwa saa nne. Mtetemo ulikuwa bado ndani ya mguu wa kulia, mdogo, kama simu mfukoni. Nilidhani ni uchovu. Nilipofika Kabambare jua lilikuwa linazama, na habari zilikuwa zimenitangulia kwa magurudumu manne. Mama mmoja anayepangisha vyumba karibu na soko aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akaishia kwenye viatu. "Ni weye uliyekamata mguu ya Amisi? Endelea mbele." Nyumba ya pili hawakufungua. Kwenye ya tatu walifungua, wakaona, wakafunga.

Mwisho wa mji nikakuta karakana ya pikipiki, paa la bati na matairi yamepangwa ukutani. Fundi alikuwa mzee mfupi anayeitwa Shabani, anayesugua mikono iliyolowa mafuta mpaka viwikoni. Kumbe Amisi alikuwa amepita hapo pia, kuonyesha gari.

"Shofere wenu ni mujinga," Fundi Shabani aliniambia kabla sijasalimu. "Nimemwambia mbele ya watu. Motere ndiyo inasaidia freni. Ukizima, unabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili, tatu, basi, pedali inakuwa jiwe. Na ukitoa vitesi, motere haikushikilii tena, kazi yote inabaki kwa freni, zinawaka moto. Mulima unashukwa na vitesi ile ile ungepandia."

"Na kutetemeka, fundi?"

"Hizo gari mpya ziko na kitu kinachozuia magurudumu yasikwame na kuteleza. Kinashika kinaachia, kinashika kinaachia, haraka kuliko mguu ya mutu. Ndiyo unasikia ga-ga-ga. Pedali ikitetemeka, freni inafanya kazi! Hapo unakanyaga na kuendelea kukanyaga, na unaongoza usukani. Mutu anaogopa, anaondoa mguu, anakufa. Hakuna shetani pale."

Nikafurahi, niamini. Maisha yangu yote nilitaka mtu wa kunijibu namna hiyo. Nikamwambia habari ya mkono.

Aliacha kusugua mikono. "Nimeona alama," akasema baadaye. "Nilidhani ni kamba." Akatazama chini. "Miye najua ya chuma. Hayo mengine sijui. Simama vizuri, mbona mguu yako inacheza?"

Nilikuwa nimesimama vizuri. Mguu wa kulia ulikuwa unapiga chini wenyewe, haraka, kwa mpigo ule ule. Ulipiga kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, ukaacha. Fundi Shabani akanionyesha chumba cha nyuma, chenye mkeka na harufu ya mpira, akasema nilale. Karibu saa mbili za usiku lori la mpunga likaingia mjini, dereva wake akiapa kwamba gari lilikaribia kumshinda kwenye ule mlima.

Huko ndiko niko mpaka leo. Mimi ambaye sikuwahi kumaliza miezi miwili mahali pamoja, sasa namaliza mwaka. Kila gari linaloshuka vibaya kule, mguu wangu unajua kabla ya mtu yeyote. Naweza kuwa nakula, naweza kuwa msalani, unaanza. Nami nakanyaga. Nakanyaga chini kwa nguvu, popote nilipo, mpaka utulie. Fundi anaangalia saa, na baada ya muda gari linaingia. Amisi sasa anauza dukani kwa mjomba wake na hashiki usukani. Akiniona anavuka barabara. Mama Feza hupita na kitenge usoni. Mtoto nimesikia anatembea.

Mara moja tu, kwenye miezi ya mvua, nilikuwa nimelala na homa. Mguu ulianza, nami sikuwa na nguvu ya kukanyaga. Ulipiga, ukapiga, ukakatika katikati, kama mtu aliyezimwa neno mdomoni. Fundi alikaa mlangoni mpaka giza likaingia. Hakuna gari lililofika.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye gari, usinichoshe. Usizime motere juu ya mlima kwa ajili ya vikombe viwili vya mazutu. Tia vitesi ndogo kabla ya kushuka, si ukiwa umekwisha kushuka. Wateremshe wenye watoto. Pedali ikitetemeka, ni kazi yake, endelea kukanyaga. Na kama siku hiyo utasikia kitu kinakuinua mguu, angalia barabara tu. Chini usiangalie. Mimi niliangalia.